Jenereta Niliyoichomelea kwenye Gari la Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu za heshima, naomba unisaidie, na ikiwezekana ufiche chochote kitakachofanya watu wa mtaani wanijue, ingawa nadhani wameshanijua, kwa sababu jambo lenyewe limeegeshwa mbele ya nyumba ya wakwe zangu na kila apitaye analiona.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma, nina karakana yangu, nina mke na watoto wawili, na nina jenereta ya kubebeka. Nasema nina jenereta kama mtu anavyosema nina figo, kwa sababu umeme wa kwetu unakatika unavyotaka, na bila jenereta mimi ni mtu aliyevaa miwani myeusi tu amesimama katikati ya vyuma. Ya kwanza niliibiwa miaka miwili iliyopita. Nilifika asubuhi nikakuta kufuli limekatwa, na pale ilipokuwa jenereta pana duara la oili tu, nikakaa juu ya ile oili nikalia, sikuona haya. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Wakati ule shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa anakaa kwetu mwezi mzima akitafuta kazi. Sisemi kitu. Simtuhumu mtu. Ila naomba ujue tu kwamba alikuwepo, na kwamba enzi za ujana wake aliwahi kuuza redio ya baba yake, jambo ambalo familia nzima hulisimulia kama kichekesho na mimi hucheka nao.

Tangu nipate hii ya pili nimekuwa mtu wa makufuli, nakiri. Shemeji mwenyewe ananiita Kufuli, na siku hizi hata watoto wangu wameanza. Sasa likizo hii ya shule baba mkwe akatangaza kwamba twende wote tukapige kambi kando ya ziwa, siku mbili, mahema na kila kitu, na hapa lazima nikueleze baba mkwe ni nani. Ni mkaguzi wa magari mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja amezuia magari ya watu barabarani kwa sababu ya taa iliyopasuka au chuma kilichoongezwa mahali pasipostahili, na pikapu yake huiosha kila asubuhi hata kama jana haikutoka. Mtu huyo ndiye aliyenipigia simu akasema, "Mwanangu, tuletee na ile jenereta, tupate taa, na mama yako achaji simu yake." Nilifurahi, nisikudanganye, kwa mara ya kwanza nilijiona mkwe wa kutegemewa.

Tulikuwa saba. Wakwe wawili walikaa mbele, mke wangu, shemeji na watoto wakabanana viti vya nyuma, na mimi nikapanda kule wazi pamoja na mizigo, kwa hiari yangu, nimeikumbatia jenereta safari nzima. Nilipakia pia mashine ya kuchomelea ndani ya gunia, kwa sababu karakanani ningeiacha na nani? Kilichobaki ni grinda tu, ile mashine ya kukatia chuma, niliificha juu ya dari mahali ambapo hata mimi huchukua muda kupakumbuka.

Jioni ya kwanza niliiweka jenereta katikati ya hema letu na hema la wakwe, karibu kabisa, ili mwizi akija awaruke wazee kwanza. Nikaifunga mnyororo kwenye mguu wa meza ya kukunja, nikaona haitoshi, nikachukua kamba nikaifunga kutoka kwenye mpini wa jenereta mpaka kidole gumba cha mguu wangu, nikaiacha inaunguruma nikalala. Kulipokucha nikavuta mguu nione kama ipo, likaja birika. Ndiyo, mshauri, birika la chai, limefungwa vizuri mwisho wa kamba yangu. Nikatoka nje roho juu, nikaikuta jenereta nyuma ya pikapu, hatua kama ishirini kutoka nilipoiacha, imezimwa, na meza nayo imehamia huko huko, vikombe bado viko juu yake.

Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri mwizi amefanya mazoezi na usiku wa pili ndio wa kazi yenyewe. Nikamuuliza shemeji kwa upole kama alisikia chochote, akacheka akasema, "Kufuli, wewe unalala kama gogo," akataka kuendelea kusema, lakini mimi nilikuwa nimeshageuka, kwa sababu niliona nimeshapata jibu langu.

Mchana wote wakaenda kuogelea. Nikasema tumbo linanisumbua. Walipotoweka nikaisogeza jenereta mpaka kwenye bampa ya nyuma ya pikapu, nikaiwasha, nikachomeka mashine, nikavaa miwani, nikaichomelea jenereta kwenye bampa kwa umeme wake yenyewe. Sijui kama unaielewa raha niliyoipata. Sehemu sita, safi, huwezi kupitisha hata ukucha. Mnyororo unakatwa, kufuli linavunjwa, lakini kuiba kitu hiki ingebidi mtu aibe na gari, na gari hilo mwizi yeyote mwenye akili angeliogopa. Nikafunika turubai, nikaenda ziwani nikaogelea nao, nikacheka, nikambeba shemeji mgongoni kwenye maji, na usiku ule nililala usingizi ambao sijaupata kwa miaka miwili. Mpango wangu ulikuwa kwamba tukirudi nitaikata taratibu na grinda, nitapaka rangi, hakuna atakayejua.

Sikuwaza mlango wa nyuma wa pikapu, ule unaofungukia chini mizigo ikipakiwa. Siku ya kuondoka baba mkwe akaja na godoro lake mkononi, akavuta mlango, haukufunguka. Akavuta tena. Akaondoa turubai. Akaliweka godoro chini, akachutama, akapitisha kidole kwenye kila sehemu niliyochomelea, moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akifanya kazini.

"Kazi nzuri," akasema. "Ni yako?"

"Ni yangu, Baba."

"Ulikuwa unamwogopa nani?"

"Wezi, Baba."

Akatazama huku na huku. Kambi nzima tulikuwa sisi tu na mabata. "Wezi gani?"

Nikasema, "Wezi tu, Baba, kwa ujumla."

Mshauri, hapo ndipo mke wangu alipoongea, na sauti yake sikuijua. Alisema usiku ule wa kwanza mama yake alikuwa anakohoa kwa sababu moshi wa jenereta ulikuwa unaingia hemani mwao, na shemeji ndiye aliyesikia, akaamka, akaizima, na kwa kuwa funguo za mnyororo ninazo shingoni akabeba jenereta pamoja na meza, na kamba akaihamishia kwenye birika ili asinikatishe usingizi. Shemeji alichukua begi lake dogo, akaenda kusimama barabarani, akapanda gari la kwanza lililosimama. Sisi tulipitisha mizigo juu ya ubavu wa pikapu, tukarudi polepole, na sijui niliunguza waya gani, maana kila baba mkwe akikanyaga breki honi ilikuwa inalia, na kila ikilia alikuwa ananitazama kwenye kioo.

Leo ni wiki ya tatu. Nimeenda na grinda mara mbili nimerudishwa getini. Baba mkwe anasema gari lenye chuma cha nyongeza haliruhusiwi barabarani na yeye hatavunja sheria aliyoisimamia maisha yake yote, kwa hiyo anakwenda sokoni kwa miguu, na mtu akimuuliza anasema, "Halikatwi mpaka mwenyewe aje aniambie alikuwa anamwogopa nani." Kazi zangu zimelala. Naomba ushauri wa mambo mawili tu. Kwanza, jenereta ya kubebeka hulindwaje kambini kwa njia inayokubalika, maana inaelekea njia yangu ilikuwa na kasoro. Pili, nimwambie nini mzee aniruhusu niikate.

Nilisahau kusema, mke wangu na watoto nao walishuka kwa wakwe siku ile na bado wako huko. Nikipiga simu mke wangu anapokea, ananisikiliza, halafu ananiuliza kama nimeshaongea na mdogo wake. Nikisema bado, anakata.

Ni mimi,
Fundi wa Kuchomelea, Roho Juu

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani yangu ofisini akaja kuuliza kulikoni. Mara ya pili nilikuwa namtafuta mke wako. Nilimkuta mwishoni kabisa, baada ya bampa, baada ya honi, baada ya mabata, chini ya neno "nilisahau". Mtu amekaa wiki tatu bila mke na watoto, anaandika gazetini kuuliza habari za jenereta. Mimi nami ni mama mkwe wa watu, na ningekuwa mimi, hata kwenye geti usingefika.

Lakini umeuliza, na swali la kwanza nitalijibu, kwa sababu wasomaji wengine nao hupiga kambi na hawana hatia. Nimemfuata mlinzi wetu wa hapa getini, ambaye alilinda jenereta kwenye kambi za wajenzi wa barabara kwa miaka kumi na minne na hajawahi kupoteza hata moja. Anasema mnyororo uwe mnene, wa chuma kigumu, upite ndani ya fremu yenyewe na si kwenye mpini, maana mpini unafunguliwa kwa spana, na ufungwe kwenye mti mkubwa au kwenye chasisi ya gari, si kwenye mguu wa meza. Alirudia hilo la meza mara tatu, anafuta machozi ya kicheko. Kufuli likae mahali pembamba ambapo mkasi wa kukatia chuma hauingii. Namba ya jenereta uiandike na upige picha. Jina lako lichore kwenye fremu kwa hiyo hiyo mashine yako, karakanani, siku umetoa petroli yote, kwa sababu mwizi hapendi mali yenye jina. Ukimaliza kuitumia izime, maana jenereta inayounguruma usiku kucha inamwambia kila mtu kilomita nzima kwamba ipo. Ikipoa, ifunike kitambaa kikuukuu kisicho na thamani. Na kama kambi ina watu wengine, wasalimie ukifika, ili mgeni akipita waweze kumtambua.

Na sasa nakukaripia, kaa chini. Jenereta haiwekwi karibu na hema. Haiwekwi mlangoni, haiwekwi katikati ya mahema, haiingizwi ndani hata mvua ikinyesha. Iwe mbali, hatua ishirini au zaidi, na moshi uelekee kusikokuwa na watu. Ule moshi unaua mtu akiwa usingizini, hata kukohoa wengine hawapati nafasi. Wewe uliwaweka wazee wa watu kuwa ukuta wa jenereta yako, na bado unaniandikia "ili mwizi akija awaruke wazee kwanza" kana kwamba ni utani. Kisha ukachomelea chuma, cheche zinaruka, pembeni ya tangi lenye petroli, huku familia yako wanaogelea na hawajui kama watarudi wakukute mzima. Fundi wa miaka yote hiyo. Usirudie tena, na usithubutu kumfundisha mtu.

Mlinzi wetu alipomaliza kucheka nilimsomea sehemu ya birika. Akasema, "Mama, huyo jamaa alifungua kamba kwenye jenereta, mwenzake amelala, na asimwamshe. Akaibeba jenereta na meza na vikombe, kikombe kisianguke. Huyo angetaka kuiba angeiba. Mwambie fundi wako mimi kazini ningemwajiri kesho."

Umesikia? Usiku mzima ulikuwa wake. Gari lilikuwepo, barabara ilikuwepo, wewe ulikuwa gogo. Akaisogeza jenereta hatua ishirini ili mama yake apumue, akarudi kulala, na asubuhi alipotaka kukueleza ukampa kisogo. Huyo ndiye uliyemchomelea mali yako isimfikie. Na usiniambie humtuhumu mtu. Umesema husemi kitu, kisha ukasema alikuwa anakaa kwenu, ukasema na redio. Redio ile aliiuza ujanani, na familia yake walishamsamehe mpaka wanaicheka, lakini wewe ulikuwa unacheka nao huku unanunua makufuli. Miaka miwili umemkaribisha mezani kwako ukiwa umeshamhukumu, na yeye alikuwa anajua. Unadhani lile jina la Kufuli alikupa kwa sababu gani? Alikuwa anakuomba, kwa njia ya mzaha, uliseme ulilonalo moyoni ili akujibu. Hukusema.

Nakuonea huruma pia, sitaki kukuficha. Mtu aliyekaa juu ya duara la oili akalia kwa sababu kazi yake imebebwa usiku mmoja, hofu yake naielewa. Kuibiwa kunamfanya mtu aanze kuhesabu watu anapoingia chumbani. Lakini mwizi wako hukumjua siku ile na humjui mpaka leo, na kwa kuwa hukumpata, ukaamua kumweka ndugu wa mke wako kwenye nafasi yake. Mke wako alikuona kwa siku moja tu pale nyuma ya pikapu na akaelewa miaka miwili yote. Ndiyo maana hagombani na wewe kwenye simu. Anakuuliza swali moja.

Kwa hiyo sikiliza utakavyofanya. Jumamosi hii, mchana, watu wote wakiwa nyumbani, nenda kwa wakwe zako. Kabla ya hapo mpitie shemeji yako huko anakofanya kazi au anakokaa, umwombe mfuatane. Akikataa, kaa hapo hapo mlangoni mpaka akubali, muda unao, umeniambia kazi zimelala. Grinda iache kwenye dari. Beba msumeno wa chuma wa mkono, ule wa kusukuma na kuvuta.

Mkifika, usianze na gari. Mzee amekuuliza swali na anastahili jibu lenye jina. Sema, "Baba, nilikuwa namwogopa shemeji, na hakuwa amenikosea chochote." Sema mbele ya mama yake na mbele ya watoto wako, maana nao walikuwepo alipoondoka na begi lake. Usiseme "kama nilimkosea mtu". Usiseme "kwa ujumla". Usitaje ile jenereta ya kwanza, wala redio, wala kwamba ulikuwa na mawazo. Ukimaliza, nyamaza, na shemeji yako akitaka kukutukana mwache akutukane mpaka achoke.

Kisha piga magoti nyuma ya pikapu uanze kukata, ukishatoa petroli, zote sita, kwa mkono. Itakuchukua mchana mzima na mabega yatakuuma, na ndivyo ninavyotaka. Mzee atakaa kwenye kiti kukukagua. Bampa uisugue, uipake rangi, na ile honi uitafutie fundi wa umeme wa magari, sio wewe.

Na jenereta ikishatoka, usiipakie. Mkabidhi shemeji yako, umwambie akae nayo wiki mbili huko kwake, bila mnyororo, bila funguo, bila kumwandikisha popote. Kazi za wiki mbili hizo zifanye umeme ukiwepo, na usipokuwepo kaa ungoje kama watu wengine. Mke wako akikubali kurudi siku hiyo, mshukuru, mrudi. Asipokubali, nenda kesho yake, na kesho kutwa, ukae naye, uwaogeshe watoto, ule ukipewa. Na shemeji yako akipita hapo jioni, muulize habari za kazi yake na za afya yake, na hata ulimi ukikuwasha namna gani, usimuulize jenereta iko wapi.